Reli iliyoikwepa Iringa: mlima, njia moja na vijiji vya stesheni

Mkazi wa Iringa mjini akitaka kupanda treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inambidi kwanza apande basi. Apite Mafinga, ashuke Makambako, ndipo aulizie stesheni. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita chini ya mji wake, pale Ipogolo. Bomba la TAZAMA, lililoanza kupeleka mafuta Ndola, Zambia, mwaka 1968, nalo limefuata upande huohuo na lina kituo cha pampu Iringa. Reli peke yake ndiyo iliyokwenda zake: ikitoka Dar es Salaam inaiacha barabara, ikifika Kidatu inazama bonde la Kilombero, na haikutani tena na lami ya Zambia mpaka Makambako. Mkoa wa Iringa umeguswa ubavuni tu, huko Mgololo wilayani Mufindi kwenye kiwanda cha karatasi.

Vijiweni maelezo hayakosekani. Wako wanaosema ni siasa za wakubwa wa wakati ule. Wako wanaosema wapimaji wa Kichina waliuogopa mlima Kitonga, ule ambao barabara inaupanda kabla ya kufika Iringa. Hawa wa pili wamekaribia, ila hakuna aliyeogopa kitu. Watu walikaa wakapiga hesabu.

Gurudumu la treni ni chuma na linatembea juu ya chuma. Msuguano wao ni mdogo sana, na faida yote ya reli imejificha hapo. Kwenye tambarare, tani 1 ya mzigo inahitaji mvuto wa kama kilo 2 au 3 tu ili iendelee kwenda, ndiyo maana kichwa kimoja cha treni huburuta shehena ambayo ikipakiwa kwenye malori italeta foleni ya kukera pale Mwanjelwa. Sasa inua njia hiyo kidogo, mita 2 kwa kila mita 100. Anayetembea kwa miguu hata hausikii mwinuko huo. Lakini uzito wa mzigo umeshaanza kuvuta kurudi nyuma, na kila tani inadai kilo 20 nyingine za mvuto juu ya zile za mwanzo. Kazi imekuwa karibu mara 9. Na kwa kuwa chuma kwa chuma ni utelezi, mvua ikinyesha magurudumu yanaweza kuzunguka palepale bila treni kusogea. Kwa sababu hiyo kichwa cha treni husafiri na shehena yake ya mchanga mkavu, unaomwagwa mbele ya magurudumu ili yapate pa kushika.

Lori linapanda Kitonga kwa gia ndogo na kelele nyingi, lakini linafika, maana tairi la mpira linashika lami. Mafuta ndani ya bomba yanasukumwa na pampu, mlima si neno. Treni haina msaada wa aina hiyo. Lazima ipewe mwinuko wa taratibu kwa umbali mrefu, kama vile mwenye baiskeli yenye gunia la mkaa anavyokipanda kilima kwa kukizunguka badala ya kukivaa usoni. Bonde la Kilombero liliwapa wajenzi nusu ya jibu. Kutoka Kidatu, kupitia Mang'ula na Ifakara hadi Mlimba, reli inatembea miguuni pa milima ya Udzungwa kwenye ardhi iliyolala, mita mia chache tu juu ya usawa wa bahari. Ina matope yake na mafuriko yake, lakini haina mlima.

Mlima wote ukabaki kwenye kilomita kama 150 za kati ya Mlimba na Makambako. Mahandaki ya TAZARA kwa wingi wake yako hapo, na madaraja ya kutisha yako hapo, likiwemo la mto Mpanga lenye nguzo 3 za urefu wa mita 50. Abiria anatoka kwenye giza la handaki, anaona korongo chini ya dirisha, anaingia giza jingine. Vichwa vya kwanza vilivyoletwa kutoka China vilipungukiwa nguvu kwenye kipande hiki, na miaka ya 1980 vikaongezwa vingine vyenye mvuto mkubwa zaidi. Vyote hivyo ni vya dizeli. Wapenzi wa reli za zamani hupenda picha yenye moshi mweupe na mtu anayekoleza makaa. TAZARA haikuzaliwa katika zama hizo, na uzuri wake inabidi utafutwe kwingine.

Ukishafika Makambako usidhani kupanda kumekwisha. Reli inashuka tena hadi tambarare za Usangu, inapita Rujewa, Chimala na Igurusi penye mpunga, halafu inakabili ukuta wa pili kuelekea Uyole. Hapo Uyole, mita 1,789 juu ya usawa wa bahari, ndipo kilele cha reli nzima kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, njia ya kilomita 1,860. Asubuhi ya Juni au Julai abiria wa Dar aliyesafiri na fulana ndio hujua maana ya namba hiyo.

Hilo ni la mlima. La pili, ambalo ndilo lililogusa zaidi maisha ya watu, ni kwamba njia yenyewe ni moja.

Treni ya kwenda na treni ya kurudi zinatumia reli zilezile mbili. Haziwezi kupita ubavuni mwa mwenzake popote zinapotaka, kwa hiyo kila baada ya kilomita kumi hadi ishirini hivi pamewekwa njia ya pembeni ili moja iingie isubiri na nyingine ipite. Treni hairuhusiwi kutoka hapo mpaka stesheni masta awasiliane na mwenzake wa mbele, wahakikishe kipande cha katikati ni kitupu, ndipo dereva apewe kibali. Kwa abiria, huko ndiko kusimama porini kusikoisha ambako hakuna anayemweleza sababu. Treni ya mizigo imeharibika Mpanga, kwa hiyo treni ya abiria inalala Mlimba. Kuchelewa kwa mmoja kunawachelewesha wote wanaotakiwa kupishana naye, na hao nao wanawachelewesha wengine, ndiyo maana ratiba ikivurugika asubuhi huwa hainyooki siku hiyo.

Kwa hesabu hizo, stesheni nyingi za TAZARA hazikuwekwa mahali kwa sababu palikuwa na watu. Ziliwekwa kwa sababu treni mbili zilihitaji pa kupishana, na penye tambarare ya kutosha kulaza njia ya pembeni. Watu walikuja baadaye.

Wengine walikuja kwa hiari, wakifuata kazi. Ujenzi ulioanza Oktoba 1970 uliajiri maelfu ya Watanzania na Wazambia pamoja na maelfu ya Wachina, na kambi haziondoki zote mradi unapokwisha; wako waliopata mke, shamba, na sababu ya kubaki. Wengine waliletwa. Reli ilikuwa ikijengwa miaka ileile ya Operesheni Vijiji, na baadhi ya vijiji vya ujamaa vilipangwa kandokando ya njia kwa makusudi, ili wakazi wake wawe pia macho na walinzi wa reli. Hilo halikuwa la kinadharia. Kusini kulikuwa na vita, na tawala za wazungu wachache zilikuwa na kila sababu ya kutopenda reli hii ifike mwisho.

Maana tusisahau ilijengwa kwa ajili gani. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964 ikiwa haina bahari, na shaba yake ilikuwa ikienda pwani kwa kupitia Rhodesia ya Kusini. Novemba 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia hiyo, akajitangazia uhuru wa walowezi, na njia hiyo ikageuka kitanzi. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kusema reli ya kwenda Dar haitalipa, nchi za Magharibi nazo hazikutoa fedha. Nyerere na Kaunda wakaenda China, mkataba ukatiwa saini Beijing Septemba 1967, mkopo ukawa hauna riba, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa. Katika makaratasi yote hayo kilichohesabiwa ni tani za shaba. Muuza ndizi wa Mlimba hayumo.

Lakini nenda ukasimame kwenye moja ya stesheni hizo treni ya abiria ikiingia.

Wachuuzi wanakuwa wameshajipanga kabla hujaona taa. Beseni kichwani, ndoo mkononi, mtoto wa shule na birika la kahawa. Wanajua behewa la daraja la tatu litasimama wapi na la kulala litasimama wapi, na hawauzi kitu kimoja pande zote mbili. Chini bondeni ni mchele, ndizi, samaki wa kukaanga. Juu kuanzia Makambako ni viazi, maharage, njegere, mahindi ya kuchoma, na msimu wake ukifika parachichi. Viazi kwa mwenye safari fupi hupimwa kwa sado. Mfanyabiashara anataka gunia, na gunia lenyewe ni lumbesa, limefumwa kichwa juu mpaka linahitaji wanaume watatu kulipandisha.

"Shikamoo mama. Ndizi hizi bei gani?"

"Marahaba, mwanangu. Buku tatu mkungu."

"Punguza basi."

Mama hajibu upesi. Anatupa jicho upande wa njia ya pembeni. Kama pale kuna treni ya mizigo imelala inasubiri, anajua hii ya abiria haitakaa, na mteja naye hajui, basi wakimbizane na dakika. Kama njia ya pembeni ni tupu na gadi ameshuka anajinyoosha, maana yake wanaongoja ni wao, na chakula cha moto kitauzika mpaka kiishe. Mchuuzi mzoefu huwa ameshamdodosa mtu wa stesheni tangu mchana: leo mnapishana hapa au mbele? Jibu hilo ndilo linaloamua apike wali wa sufuria kubwa au ndogo. Nimesoma maandishi mengi ya kulalamikia ucheleweshaji wa TAZARA, na malalamiko ni ya haki, ila sijaona lililoandikwa na mtu anayepika.

Noti inapita dirishani kwenda, mkungu unapita dirishani kuja, chenji inarushwa treni ikiwa imeshaanza kusogea. Halafu kelele za magurudumu zinashika mdundo wake. Mdundo huo nao una sababu. Chuma hutanuka kwa joto, kwa hiyo vipande vya reli huunganishwa kwa vyuma vya pembeni na boliti, na mwanya mdogo huachwa katikati. Kila gurudumu likipita mwanya linagonga. Reli mpya huchomelewa ziwe ndefu, zikakaa kimya. Wanaoupenda wimbo wa reli ya zamani wanapenda, kwa lugha ya fundi, kitu kinacholegeza boliti na kupasua kokoto chini ya mataruma, na gharama yake si ndogo.

Sasa, si kila kijiji cha reli kinaishi hivyo, na hapa ndipo mazungumzo kuhusu "uzuri wa reli" huharibika, kwa sababu watu wanachanganya vijiji viwili vya aina mbili.

Chukua Igurusi au Chimala. Reli ipo, lakini lami ipo palepale jirani. Mchele wa Usangu unaondoka kwa lori wakati wowote, mgonjwa anapanda gari la kwenda Mbeya bila kuuliza ratiba ya mtu. Ukiwa na haraka huwezi kuisubiri treni, na ukiwa na uvumilivu unaipanda kwa unafuu wa nauli na nafasi ya kunyoosha miguu. Treni kwa mtu wa Igurusi ni chaguo. Anaweza kuipenda kama anavyopenda redio ya zamani ya baba yake, isipoimba hakuna kinachoharibika. (Mbeya yenyewe ndivyo ilivyo: stesheni iko nje ya katikati ya mji, upande wa Iyunga, na wapo vijana wa Sokomatola ambao hawajawahi kuingia kwenye behewa.)

Halafu chukua Uchindile, kule juu kwenye miteremko, penye mashamba ya misitu ya kupandwa. Kiutawala wako Morogoro, lakini baridi yao ni ya nyanda za juu na macho yao yanatazama Makambako. Huko na kwa majirani zao wa Mpanga, masika yakikolea, njia za magari ni matope na miteremko. Reli ndiyo barabara. Inapeleka mahindi sokoni, inaleta sukari na bati, inampeleka mjamzito Mlimba. Huwezi kumwambia mtu wa huko kwamba treni ni kumbukumbu nzuri ya zamani.

Ndiyo sababu treni fupi ya mabehewa machache, ambayo wenyewe waliiita kipisi, iliyokuwa ikihudumia vituo vidogo vya upande huo, ilipendwa kuliko ile ya haraka yenye jina kubwa. Ya haraka inapita kijijini usiku bila kusimama. Shirika lilipoanza kubana matumizi katika miaka ya mageuzi ya uchumi, na baadhi ya stesheni ndogo zikatakiwa kufungwa, wanavijiji waliandika barua kali kwa wakuu wao wa wilaya. Hoja yao ilikuwa moja na ilikuwa nzito: reli hii tuliambiwa ni ya wananchi, tukaijenga, tukailinda, leo mnatuambia haituhusu?

Kubana matumizi kulitokana na nini? Hapa napita haraka, kwa kuwa sababu zinajulikana. Zimbabwe ilipata uhuru mwaka 1980, ubaguzi Afrika Kusini ukavunjika miaka ya 1990, na shaba ikapata tena bandari za kusini. Kile kilichoifanya TAZARA iwe ya lazima kikaondoka. Barabara ikaboreshwa, malori yakaongezeka, na anayetaka kujua mzigo ulihamia wapi aende Tunduma aione foleni. Reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilishuka hadi chini ya tani laki 1 katika mwaka wa fedha 2014/15. Vichwa vibovu husababisha ucheleweshaji, ucheleweshaji hufukuza mizigo, mizigo ikiondoka hakuna fedha ya kutengeneza vichwa.

Kuna na fundo la upana wa reli, ambalo watu huliuliza sana tangu treni ya umeme ianze safari za Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Kwa nini isishuke tu huku? Haiwezi. Tanzania sasa ina reli za vipimo vitatu. Reli ya Kati ya zamani, iliyoanza kujengwa na Wajerumani, ina milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA ina 1,067, kwa sababu ilitakiwa kuungana na reli za Zambia na za kusini yake, ambazo zote zina kipimo hicho. Ile ya kisasa ina 1,435. Tofauti ya TAZARA na Reli ya Kati ni milimita 67, haifiki upana wa kiganja cha mtu mzima, lakini behewa halijali kwamba ni ndogo. Zinakutana Kidatu, na mzigo unaotaka kuendelea inabidi ushushwe huku na kupakiwa kule. Mkulima wa Makambako anayetaka kupeleka mahindi Tabora kwa reli atalipia mikono hiyo ya katikati, au ataita lori. Huwa anaita lori.

Septemba 2025 serikali za Tanzania na Zambia zilisaini na kampuni ya Kichina ya CCECC mkataba wa miaka 30 wa kuikarabati na kuiendesha reli hii, kwa uwekezaji wa dola za Marekani bilioni 1.4. Habari hiyo imesomwa zaidi kama habari ya shaba, na sawa, shaba ndiyo itakayolipa. Ila msomaji aliyefuatilia maelezo ya kupishana anaweza kuona mahali pa kuangalia. Mwendeshaji anayetafuta tani nyingi atataka treni ndefu zaidi. Treni ndefu haiingii kwenye njia fupi ya pembeni. Kwa hiyo njia za pembeni za stesheni zilizochaguliwa zitarefushwa, na stesheni ambazo hazikuchaguliwa zitakuwa hazina kazi tena kwa treni za mizigo. Zikibaki bila mtu wa kutoa kibali na bila sababu ya treni kusimama, kitakachozifanya ziendelee kuwa stesheni ni abiria peke yao.

Na abiria wa vituo vidogo hawalipi. Nauli ya mama mwenye beseni haifidii mafuta ya kusimamisha na kuondosha treni kwenye mwinuko. Penye huduma ya namna hii nchi nyingine, serikali huilipia: inakubaliana na mwendeshaji treni fulani isimame vituo fulani mara kadhaa kwa wiki, inamlipa pengo, na inaliandika hilo kwenye mkataba. Kwa vijiji vya kati ya Mlimba na Makambako, hicho ndicho kifungu cha kutafuta.